NJIA YA MWALIMU KUTOKA DARASANI MPAKA BARAZANI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya Wakristu na walimu, Chala, katika sikukuu ya Jubilei ya Jimbo)





Waliotutangulia kusema wamekwisha kutueleza habari za misioni: jinsi Wamisionari wa Afrika, wale ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, walivyoipokea ngome ya Karema mikononi mwa Wabelgiji mwaka 1885, na jinsi neno la Mungu lilivyopanda kutoka pwani ya Ziwa Tanganyika mpaka huku juu penye baridi. Wamesema pia habari za Adriani Atiman, mkatekista na mganga, aliyezaliwa upande wa mto Niger, akachukuliwa utumwani angali mtoto, akakombolewa, akasomeshwa uganga katika kisiwa cha Malta, akaja kuitumikia Karema mpaka alipofariki mwaka 1956. Hayo hatutayarudia.

Sisi makatekista tuliagizwa na Baba Paroko tuseme juu ya walimu. Tukakaa, tukashauriana, tukaona kwamba liko jambo moja la walimu linalotusumbua vigangoni kuliko mengine, nalo halisemwi mbele ya watu. Ni habari ya mwalimu anayeiacha chaki na kuingia katika siasa. Kila uchaguzi unapokaribia jambo hilo huamka. Uchaguzi ukiisha hulala tena, likiacha majeraha. Basi leo tutalisema.

Kwanza mkumbuke jina lenyewe. Huku kwetu neno mwalimu lilimfaa mtu mmoja mwenye kazi mbili. Yule aliyewafundisha watoto a-e-i-o-u chini ya paa la nyasi ndiye aliyewafundisha katekisimu, ndiye aliyeongoza sala Jumapili padre asipofika, ndiye aliyeandika majina ya wakatekumeni, tena ndiye aliyesomewa barua za kijiji kizima, kwa maana wengine hawakujua kusoma. Mtu wa namna hiyo hujua siri za nyumba nyingi. Hujua nani amelipa kodi na nani hana. Hujua mtoto wa nani ana akili na baba yake hana shilingi. Kwa hiyo watu wakipata shida na wakubwa, humwendea yeye. Siasa ilianzia hapo, kabla hapajakuwa na chama wala kura. Aliyezoea kusimama mbele ya watu na kusema kwa utaratibu, akaeleweka na mkubwa na mdogo, watu wakitafuta msemaji watamtafuta nani mwingine?

Ndiyo sababu walimu ni wengi sana katika orodha ya waliotawala nchi zetu. Oscar Kambona alikuwa mwalimu Dodoma kabla ya kuwa Katibu Mkuu wa TANU. Ali Hassan Mwinyi alifundisha Unguja, akawa Rais mwaka 1985. Daniel arap Moi wa Kenya aliiacha kazi ya ualimu mwaka 1955 akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria. John Magufuli naye alifundisha shule ya Sengerema kabla ya mambo mengine yote. Lakini hao tunawapita, maana yuko mmoja ambaye jina la kazi yake lilikuwa jina lake, hata mtoto akisema "Mwalimu" bila kuongeza neno, watu hujua amemtaja nani.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Alianza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, naye alikuwa amekwisha kuwa kijana wa miaka kumi na miwili. Twaomba wazazi wanaosema "mwanangu amechelewa" walisikie hilo. Toka Mwisenge akaenda shule ya serikali ya Tabora, na toka Tabora akaenda Makerere kujifunza ualimu. Alibatizwa mwezi Desemba 1943, kwa hiari yake mwenyewe, akiwa mtu mzima.

Alipomaliza Makerere mwaka 1945 zilikuwako shule mbili Tabora zilizomtaka: ile ya serikali, alikosoma yeye, na ile ya Mtakatifu Maria ya Mapadre Weupe. Akaelezwa kwamba akifundisha misioni, miaka yake haitahesabiwa katika malipo ya uzeeni kama ile ya mtumishi wa serikali. Akaichagua misioni. Walimu wenzetu mnaoguna kwa ajili ya mafao mtatuelewa: hilo si jambo dogo. Akafundisha hapo miaka mitatu pamoja na rafiki yake Andrew Tibandebage, na wote wawili walikuwa watu wa Chama cha Waafrika wa Tanganyika, kilichoitwa TAA. Mkuu wa shule, Padre Richard Walsh, hakuwakataza. Zaidi ya hayo, alimsaidia Nyerere kupata njia ya kwenda Edinburgh, Uingereza, mwaka 1949, akarudi na shahada mwaka 1952. Mwanzoni mwa 1953 akafunga ndoa na Maria Gabriel, ambaye naye alikuwa mwalimu. Kisha akaenda kufundisha Pugu, shule ya Mtakatifu Fransisko, karibu na Dar es Salaam.

Hapa twataka mtusikilize kwa makini.

Mwaka huo wa 1953 alichaguliwa kuwa Rais wa TAA. Mwaka huo huo serikali ya Kiingereza iliwakataza watumishi wake wasiwe wanachama wa vyama vya siasa. Wengi waliokuwa nguzo za chama, makarani na waganga na walimu wa serikali, wakalazimika kujiondoa. Mwalimu wa misioni hakuwa mtumishi wa serikali kwa jina, lakini shule yake ilipata msaada wa fedha za serikali. Kwa hiyo alikuwa kama mtu asimamaye juu ya mpaka wa mashamba mawili. Siku za kazi alifundisha. Siku za mapumziko alishuka mjini, mara nyingine kwa miguu, mwendo wa saa nyingi, akakutana na wenziwe. Tarehe 7 Julai 1954 TAA ikageuzwa kuwa TANU. Mwezi Machi 1955 akatumwa New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini na wala si koloni. Aliporudi, maneno yake yalikuwa yamesikika mbali, na magazeti yalikuwa yameandika. Wakubwa wa shule wakamwambia lazima achague: ualimu au siasa.

Mwezi huo huo akaandika barua ya kuacha kazi.

Tukisoma habari hii leo twajua mwisho wake, yeye hakuujua. Twajua uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka 1955 aliona mshahara ukikatika, nyumba ya shule ikirudishwa, mke na watoto wadogo, na chama kisicho na fedha ya kumlipa. Akaichukua jamaa yake akarudi Butiama. Kwa miezi kadhaa alipata riziki kwa kuwafundisha Kizanaki mapadre wa Maryknoll na kuwasaidia kutafsiri maneno ya dini katika lugha hiyo. Yaani mtu aliyekuwa ametoka kusema mbele ya mataifa alikuwa anamfundisha padre mgeni jinsi ya kusema "maji" na "moto". Kisha mwaka huo huo akarudi Dar es Salaam, akaanza kazi ya chama kwa siku zote. Mama Maria akafungua duka dogo ili watoto wale.

Tumeyaangalia hayo mara nyingi, na hili ndilo tulilolipata. Hakushika vyote viwili. Hakumwambia mkuu wa shule "nimeacha siasa" kisha akaifanya usiku. Wala hakusimama mbele ya watoto wa Pugu akawafanya wanachama. Alipofika mahali pa kuchagua alichagua mchana, kwa barua, na hasara ikawa yake mwenyewe. Nao upande wa pili, hakupata kusema kwamba misioni imemfukuza au imemchukia. Aliendelea kusali. Alipokuwa Rais alikuwa akihudhuria Misa kila siku, na jambo hilo limo katika habari zilizokusanywa na Jimbo la Musoma, ambalo lilifungua kesi ya kumtafuta utakatifu wake mwaka 2005, hata sasa aitwa Mtumishi wa Mungu.

Yaliyofuata mwayajua, tutayapita upesi: Tabora mwaka 1958, TANU ilipokubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu ingawa wengi hawakuutaka, mwaka huo huo alipotozwa faini ya shilingi 3,000 kwa kuwaandika vibaya maofisa wa serikali, uwaziri mkuu, ambao aliuacha mwezi Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, akarudi kuzunguka vijijini na kukijenga chama, kisha urais. Twaona katika jambo hilo la 1962 desturi ile ile ya 1955. Mtu aliyekwisha kujifunza kuacha hapati shida kuacha mara ya pili. Na mwaka 1985 akaacha mara ya tatu.

Sasa wako wazee hapa wanaotutazama, nasi twajua wanafikiri nini. Wanafikiri mwaka 1969.

Mwaka huo sheria mpya ya elimu ilitungwa, na shule za misioni zikawa za serikali, zisipokuwa seminari. Huyu mtoto wa misioni, aliyesaidiwa na padre, ndiye aliyezitwaa shule za mapadre. Mwaka huo huo Jimbo letu lilibadilishwa jina, likaacha kuitwa Karema likaitwa Sumbawanga, chini ya Baba Askofu Karolo Msakila. Kwa hiyo wazee wengine husema kwamba mwaka 1969 walipoteza mambo mawili, jina na shule. Tumewahi kumsikia mzee akisema, "Tulimfundisha kusoma, naye akachukua kitabu." Hatutamkemea mzee huyo. Matofali ya shule zile yalichomwa na baba zetu bila mshahara, na mama zetu waliyabeba kichwani.

Lakini tuseme na upande wa pili. Shule za misioni zilikuwa nyingi huku kwetu, kwa sababu Ufipa iliipokea dini mapema. Kulikuwako sehemu nyingine za nchi, hasa za Waislamu, ambako shule zilikuwa chache sana, na mtoto wa huko hakuwa na kosa lolote. Mtawala wa watu wote alipaswa kuwatazama na hao. Mwaka 1970 ukafanywa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na hapa hapa penye parokia hii wako bibi waliojifunza kuandika majina yao wakiwa na wajukuu. Sisi twaona kwamba mwalimu aliyeingia siasa hana budi kuacha kuwa mwalimu wa misioni moja. Darasa lake limekuwa nchi nzima, na watoto wa benchi la nyuma wana haki naye. Hilo lilituuma, na twadhani lilikuwa haki. Hatusemi kwamba yote yalikuwa haki. Mwezi Novemba 1973 ilipotangazwa kwamba kukaa katika vijiji ni amri, watu mahali pengi nchini walihamishwa kwa nguvu na nyumba zao zikabomolewa. Na yeye mwenyewe baadaye alikiri kwamba serikali yake ilifanya makosa. Mwalimu mwema husahihisha daftari lake pia.

Sasa tuje nyumbani. Maana ni rahisi kumsifu mwalimu wa Butiama. Shida ni mwalimu wa kigango chetu.

Miaka kadhaa iliyopita mwenzetu mmoja, hatutamtaja jina, alichukua fomu ya kugombea udiwani. Alikuwa mkatekista na mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kazi, hodari wa nyimbo. Yeye hakutuambia, tulisikia sokoni. Hilo lilikuwa kosa lake, na alikiri. Lakini sikilizeni letu. Jioni ile ile tulituma kijana kwenda kwake kuchukua kitabu cha majina ya wakatekumeni, kana kwamba amekufa au ameiba. Hatukumwita, wala hatukumwuliza. Jumapili iliyofuata mke wake alikaa katika benchi peke yake. Wamama walikuwa wamesogea. Wengine wetu tulisema mbele ya watu kwamba siasa ni uchafu na mtu wa Mungu haigusi. Wengine, na hili ni baya zaidi, tulimwendea kwa siri usiku tukamwomba asitusahau akipata.

Hakupata. Alishindwa katika kura za maoni za chama chake, hata jina lake halikufika kwa wananchi. Akarudi kanisani, akakaa nyuma karibu na mlango, muda wa miaka miwili. Wakati wa Komunyo alipita kando yetu naye alitazama chini, nasi tulitazama chini. Kitabu cha majina hakikurudi kwake, wala hakuna aliyethubutu kuuliza kwa nini. Kisha akahamishwa kikazi, akaenda. Kwaya ya kigango kile haijapata kuimba vile tena.

Tulimkosea, na tumekuja kulisema siku ya Jubilei kwa kuwa Jubilei katika Maandiko ni mwaka wa kuachilia madeni na kumrudishia mtu shamba lake.

Tulipoona aibu hiyo tulikwenda kumwuliza Baba Paroko Kanisa linasema nini. Akatueleza kwamba mapadre wamekatazwa na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 kushika vyeo vya utawala wa serikali, ili wawe baba wa watu wote; bali mlei hakukatazwa. Tena Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu, uliwaita wenye uwezo wa siasa wajitayarishe, ukaitaja kazi hiyo kuwa ngumu na yenye heshima. Basi tukaona kwamba yale tuliyoyahubiri kuhusu uchafu hayakuwa mafundisho ya Kanisa. Yalikuwa hasira yetu.

Lakini mkatekista si mlei asiye na daraka. Akisimama mbele ya altare asubuhi na juu ya jukwaa la chama alasiri, watu watadhani altare nayo ina chama. Hapo ndipo mfano wa mwaka 1955 unapotufaa. Mgombea aache kwanza, aache wazi, na hasara iwe yake. Na sisi tunaobaki tumpokee mikononi kile anachokiacha, tusimnyang'anye.

Mwajua kilimo chetu cha intumba. Mkulima hukata majani akayafukia katika matuta, akayaacha yaoze mpaka msimu mwingine, ndipo ayatawanye na kupanda. Mgeni apitaye njiani kwenda Namanyere huona matuta yale matupu akadhani shamba limeachwa. Sisi tulimwona mwenzetu kama yule mgeni alivyoliona shamba.

Mwaka huu amekuja mwingine. Ni mwalimu kijana, mwanamke, anayefundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza katika kigango kimoja cha parokia hii. Safari hii hatukusikia sokoni. Alikuja kwa mwenyekiti wa kigango pamoja na mumewe, akasema anataka kugombea wakati utakapofika, na akauliza afanye nini na watoto wake. Tulikaa naye saa tatu. Mzee mmoja alimwuliza kama ameyafikiri maneno atakayotukanwa. Akajibu kwamba ameyafikiri, ila hajui kama ameyafikiri yote. Mwingine alimwuliza kama atakumbuka kutengeneza njia ya kigango; akasema hataahidi njia ya kigango kimoja ndani ya nyumba ya kigango hicho. Mzee yule hakupendezwa. Sisi tulipendezwa.

Tukapatana hivi. Jumapili, baada ya Misa, atalikabidhi daftari mbele ya Wakristu wote, na mwenzake atalipokea. Tutamwombea siku hiyo mara moja kwa sauti, kama tunavyomwombea aendaye safari, na baada ya hapo jina lake halitatajwa tena kanisani mpaka uchaguzi uishe, wala jina la mgombea mwingine yeyote. Akishinda au akishindwa, arudi benchi lake lile lile, la tatu upande wa kulia, na asisogee mtu. Wamama wamelikubali hilo kwa kuinua mikono, nasi tuliwahesabu.

Daftari lilikabidhiwa Jumapili iliyopita. Lilikuwa na majina ya watoto thelathini na wanne. Aliyelipokea alilifungua pale pale akaanza kusoma majina, naye mwalimu akamkatiza kwa sauti ndogo, akasema mtoto wa ishirini na saba hasikii vizuri kwa sikio la kushoto, awekwe mbele.